Sentimita Arobaini na Tatu za Bibi Rada

Kwa miaka ishirini Genoveva Drenkova hakukosa kikao hata kimoja cha kutetea tasnifu katika idara yetu ya hisabati tumizi, na kwa miaka hiyo yote hakuuliza swali. Alikaa safu ya tatu karibu na dirisha, mkoba magotini. Mwenyekiti alipouliza, kama sheria inavyotaka, "Kuna swali kutoka ukumbini?" sisi wengine tulikuwa tunanusa banitsa, mkate wetu wa tabaka wenye siagi na jibini, kutoka chumba cha pili na kuomba Mungu asitokee mpumbavu wa kuuliza. Genoveva alinyamaza. Kisha alikuja mezani na wenzake, akala, akampa mkono daktari mpya, akaondoka kuwahi basi.

"Mama Banitsa huyo kafika," vijana walinong'onezana. "Leo kuna kuku, atajaza mkoba."

Mimi naitwa Tsonka, na ndimi niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za vikao hivyo. Nimekuwa katibu wa idara miaka thelathini na mmoja. Swali lolote likiulizwa na mtu yeyote ukumbini, hata mpita njia aliyeingia kukimbia mvua, lazima niliandike, na jibu lake niliandike, hata likiwa la kipuuzi. Karatasi ile ikishatiwa sahihi inakwenda makao makuu na hakuna wa kuifuta. Watu walimwogopa mkuu wa idara. Mkuu wa idara, angekuwa na akili, angeniogopa mimi.

Lakini nianze na kosa lenyewe, ili mjue Genoveva alikuwa ananyamazia nini.

Alikuja kwetu mwaka wa tisini na tano kusomea uzamivu, binti mwembamba wa fundi reli, mwenye sweta moja ya kijani na kichwa ambacho sijaona kingine kama chake mpaka leo. Msimamizi wake alikuwa Nayden Kalpakov, ambaye wakati huo hata uprofesa hakuwa nao. Kazi waliyokubaliana ilikuwa mto wetu, Studena: mvua ikinyesha milimani, maji yatafika daraja la mjini baada ya saa ngapi, na yatapanda kiasi gani? Kuna vijiji vitano kutoka mlimani hadi hapa, na kila kijiji kilikuwa na ubao wa kupimia maji uliosimikwa ukingoni, na mtu wa kuusoma asubuhi na jioni. Genoveva alikusanya madaftari ya watu hao, miaka thelathini ya namba, akaanza kuandika milinganyo yake.

Milinganyo ikamgomea. Kila mara hesabu zilikwama kwenye kijiji cha tatu, Lomets. Kwa mujibu wa daftari la Lomets, maji yalikuwa yanapungua yakifika pale, halafu kijiji cha nne yanarudi kuwa mengi, kana kwamba kuna mtu anayanywa njiani na kuyatapika mbele. Alihangaika miezi mitano. Kalpakov alimwambia, "Binti yangu, tupa Lomets, tumia vinne vilivyobaki." Yeye akapanda basi akaenda Lomets.

Mtunza kipimo cha Lomets alikuwa Bibi Rada, mjane wa miaka sabini na tatu, na ukutani kwake, kando ya sanamu takatifu, alikuwa ametundika cheti kutoka ofisi ya maji: miaka thelathini bila kukosa siku. Alimpokea mgeni kwa supu ya maharagwe. Siku ya pili alimfundisha kukanda mkate na akamcheka mikono. Siku ya tatu ndipo akamwambia, huku analia, kwamba mwaka wa themanini na nane alimfunga ng'ombe wake kwenye nguzo ya kipimo, ng'ombe akashtushwa na trekta, akaing'oa. Bibi Rada na jirani yake waliisimika tena kwa mikono yao kabla mtu hajaona. Waliisimika juu mno.

Wakaenda wawili mtoni na utepe wa kupimia nguo. Kwenye jiwe la daraja la zamani palikuwa na alama ya kale, wakapima kutoka hapo. Ubao ulikuwa juu kwa sentimita arobaini na tatu. Kwa hiyo kila namba aliyoiandika Bibi Rada kwa miaka tisa ilikuwa pungufu kwa kiasi hicho.

"Wakijua wataninyang'anya kipimo, mwanangu," Bibi Rada alisema. "Na kijiji kitanicheka mpaka kaburini. Usimwambie mtu."

"Sitamwambia, bibi."

"Apa kwa mkate huu. Mpaka niwe chini ya ardhi."

Genoveva akaapa. Akarudi mjini, akaongeza arobaini na tatu kwenye namba za Lomets za miaka ile tisa, na mlinganyo mzima ukanyooka. Kwenye rasimu ya tasnifu aliandika tu "sahihisho la mahali, 0.43," bila maelezo. Alikuwa na miaka ishirini na saba na alidhani ana muda wa kutafuta namna ya kueleza.

Kalpakov alikaa na rasimu ile mwaka mzima. "Bado mbichi," alimwambia kila alipouliza. "Iache ilale." Wakati inalala, yeye alikuwa macho. Mwaka wa tisini na tisa kikatoka kitabu, jalada la bluu, jina moja tu juu yake, na jina hilo halikuwa Drenkova. Ndani mlikuwa na mto wetu, vijiji vitano, milinganyo ile ile. Na 0.43 ilikuwamo, ila sasa ilikuwa na jina la kifahari: Namba ya Kalpakov, eti inayoonyesha jinsi sakafu ya mto inavyoyakwaruza maji. Kwa kitabu hicho akapewa uprofesa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Genoveva alilalamika. Kamati ilimwita, nami niliandika kumbukumbu zake. Kalpakov alikuja na suti mpya, mpole kama paka aliyeshiba.

"Mkono wa mwanafunzi umo, sikatai," alisema. "Mwanafunzi hukusanya namba. Wazo ni la msimamizi."

Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Genoveva. "Kuna kitu humu unachokijua wewe peke yako, ambacho yeye hawezi kukijua?"

Niliona akifungua mdomo. Nakumbuka kalamu yangu ilikuwa hewani. Akafunga mdomo.

"Hapana," akasema.

Wakati ule nilimwona bwege, na nilimwambia hivyo kwenye ngazi. Muda wake wa masomo ukaisha, akapewa barua ninayoijua kwa sababu niliipiga chapa mimi: amefutwa kwenye orodha, akibaki na haki ya kutetea. Ndivyo sheria yetu inavyosema. Unafukuzwa, lakini haki ya kusimama siku moja na kutetea tasnifu yako hawaigusi. Wengi huitupa barua hiyo. Yeye aliikunja akaitia kwenye mkoba, akaenda kufundisha hesabu kwenye shule ya ufundi wa ujenzi, wavulana wa miaka kumi na sita wanaotupiana chaki. Hakuolewa. Kila mwezi, Jumamosi, alipanda basi kwenda Lomets na dawa za presha.

Nataka mlifikirie hilo vizuri. Ajuza yule alikuwa kufuli la kisasi chake. Angekufa tu, Genoveva angekuwa huru kusema. Na ni yeye Genoveva aliyemnunulia dawa, aliyempeleka kwa daktari wa macho, aliyempasulia kuni. Bibi Rada akafika themanini, akafika tisini. Mwaka wa elfu mbili na sita ofisi ya maji iling'oa ubao wake, ikaweka chombo cha umeme, kikasimikwa sawasawa, naye akapewa pensheni. Genoveva akamwomba: "Bibi, sasa niruhusu. Hawana cha kukunyang'anya."

"Kazi imestaafu," Bibi Rada akamjibu, "aibu haijastaafu."

Chombo kipya kilipoanza kusoma namba za kweli, ile arobaini na tatu ilipaswa kutolewa. Nani angejua? Mji wetu ulikuwa umenunua modeli ya Kalpakov ili iendeshe king'ora cha mafuriko, na tangu chombo hicho kiwekwe modeli ilikuwa inaongeza karibu nusu mita ya maji ambayo hayapo. King'ora kililia mara tatu katika miaka kumi. Mara tatu mtaa wetu wa mtoni ulipandisha mafriza ghorofani, pamoja na nguruwe mzima wa Krismasi, na mara tatu maji yakapita chini ya daraja kwa adabu zao. Mara ya tatu mume wangu Stamen alibaki kwenye ngazi, friza kifuani, na mgongo wake haujanyooka tena.

Baada ya mara ya kwanza Genoveva alikuja idarani, akamkuta Kalpakov mlangoni kwangu. Nilisikia kwa masikio yangu.

"Itoe ile 0.43," alimwambia. "Ni mbovu sasa."

Kalpakov akacheka, akampiga piga begani. "Drenkova, Drenkova. Miaka yote hii bado unaumwa? Nenda kapumzike, mama."

Waswahili wana msemo: mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi hatuna msemo mzuri kama huo, lakini Genoveva tulikuwa naye.

Bibi Rada alifariki vuli ya mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa akiwa na miaka tisini na tano, usingizini, uso umegeukia cheti chake. Wiki hiyo hiyo Kalpakov alikuwa ameleta faili lake kwangu. Alitaka udaktari mkubwa, ule unaokuja juu ya uprofesa na kumfungulia mtu mlango wa Akademia ya Sayansi. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, ingembidi asimame mwenyewe mbele ya ukumbi, na kazi yenyewe ilikuwa ile ile: mto, vijiji, Namba ya Kalpakov. Wanajopo saba. Siku haijapangwa, na siku za ukumbi nazipanga mimi.

Genoveva alikuja ofisini na kitambaa cheusi kichwani. Akafunga mlango, akaniambia yote niliyoyaandika hapo juu, ng'ombe na mkate na utepe.

"Siku yake ya arobaini inaangukia Ijumaa," akasema. "Mpangie Ijumaa hiyo, Tsonka."

Badala ya kumjibu nilimwuliza, "Kwa hiyo king'ora kilipolia, ulijua?"

"Nilijua."

"Stamen akiwa kwenye ngazi, ulijua kwamba maji hayaji?"

"Nilijua. Nilimwambia Kalpakov, ulisikia. Zaidi ya hapo nilikuwa nimeapa."

Nilimtoa ofisini. Nilimchukia siku nne nzima, na kila asubuhi nilipomfunga Stamen mkanda wa mgongo nilimchukia upya. Siku ya tano nilikumbuka kicheko kile mlangoni kwangu, na jinsi yule aliyecheka alivyompiga mwenzake begani kama farasi. Hasira yangu ikahama nyumba. Nikaandika kwenye kalenda: Ijumaa, saa tano, Prof. Kalpakov.

Ijumaa asubuhi, kwenye mlango wa ukumbi, palikuwa pamebandikwa tangazo la msiba. Kwetu hilo si ajabu, karatasi za wafu ziko kwenye kila mlango na kila nguzo, macho yamezizoea. Hii ilikuwa na picha ya ajuza mwenye meno mawili na maneno machache: *Siku arobaini tangu alipotuacha Rada wa Lomets.* Kalpakov alipita akiwa na mkewe na trei tatu za banitsa, mwanakondoo wa kuchoma, chupa za rakia, pombe yetu kali ya matunda. Bega lake liligusa ile karatasi. Hakutazama.

Alizungumza dakika arobaini, vizuri kabisa, sikatai. Wanajopo waliuliza maswali ya heshima. Kisha mwenyekiti akasema lile neno lake, huku ameshaanza kukusanya karatasi: "Kuna swali kutoka ukumbini?"

Genoveva akasimama.

Ukumbi mzima uligeuka. Kijana mmoja nyuma alisema, "Anauliza chakula saa ngapi," na wenzake wakacheka.

"Nina maswali mawili," Genoveva akasema. "La kwanza. Hiyo 0.43 umeipataje?"

Kalpakov akatabasamu kwa ukumbi, hakumtazama yeye. "Mwenzetu aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, kwa bahati mbaya hakumaliza. Namba hiyo ilitokana na uchambuzi wa sakafu ya mto katika eneo la Lomets. Changarawe, mimea, mikunjo ya kingo."

"Ulikwenda Lomets?"

"Mara nyingi. Utafiti ule ulinichukua miaka."

Nikaandika: mara nyingi. Nilipigia mstari, kitu ambacho siruhusiwi.

"La pili," Genoveva akasema. "Mlangoni pamebandikwa picha ya mwanamke. Ni nani?"

"Samahani?"

"Umepita mbele yake asubuhi. Ni nani?"

"Mwenyekiti, hili si swali la kisayansi!" Kalpakov alikuwa mwekundu sasa. "Nitajuaje? Ajuza fulani. Kila mlango una ajuza!"

Mwenyekiti akanigeukia. "Bi Tsonka, hilo la pili usiliandike."

"Limeulizwa ukumbini," nikasema. "Na limejibiwa. Ajuza fulani. Nimeshaandika."

Hapo Profesa Milkana, mtaalamu wa mito kutoka Sofia, mwanajopo asiyecheka na mtu, akavua miwani. "Mimi nataka kujua," alisema. "Ni nani?"

"Ni mtunza kipimo cha Lomets," Genoveva akasema. "Miaka arobaini na nne. Hakuna aliyefanya utafiti Lomets asimjue, maana kipimo kilikuwa mikononi mwake na hakuna aliyekifikia bila kula supu yake."

Kisha akaeleza. Alieleza taratibu, kama anavyowaeleza wavulana wake wa ujenzi: ng'ombe, trekta, nguzo, utepe wa kupimia nguo. Kutoka mkobani akatoa karatasi ya daftari ya mwaka wa tisini na saba yenye mwandiko wa Bibi Rada, kipimo na tarehe, sahihi zao wawili chini, na picha ya alama kwenye jiwe. Akaeleza kwamba changarawe ya Lomets haina hatia yoyote, na kwamba chombo kipya hakikuwahi kufungiwa ng'ombe.

"Kwa hiyo king'ora…" mtu alisema nyuma yangu. Alikuwa mwalimu wa takwimu, jirani yangu wa mtaa wa mtoni.

"Ndiyo. Nilimwonya baada ya mara ya kwanza. Alicheka."

"Friza langu!" yule mwalimu akapiga kelele. "Mara tatu, Kalpakov! Mara tatu, na mama mkwe juu yake!"

Watu walicheka, kicheko kibaya, na Kalpakov akawa anafungua mdomo na kuufunga. Miaka ishirini nyuma nilimwona mtu mwingine akifanya vile. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka mwandiko wangu wa ukurasa ule hausomeki vizuri.

Jopo lilipiga kura kwa kunyoosha mikono: wawili ndiyo, wale aliokuwa nao jeshini na chuoni, watano hapana. Milkana akamwuliza Genoveva kama haki yake ya kutetea ingalipo. Genoveva akaifungua ile barua yangu, imechakaa kwenye mikunjo. Haina tarehe ya mwisho. "Basi ilete tasnifu," Milkana akasema.

Mngedhani hapo ndipo mwisho, nami nilidhani hivyo. Siku za mwizi ni arobaini, tumalize, twende nyumbani. Lakini chumba cha pili chakula kilikuwa mezani na hakuna aliyejua la kufanya nacho. Watu walisimama mlangoni wakitazama mwanakondoo. Mke wa Kalpakov alikuwa analia kwenye kitambaa cha meza. Kalpakov anatafuta mkono wa koti lake na haupati.

Genoveva akapita katikati yetu, akanyanyua trei ya banitsa. Kwa miaka ishirini walimcheka kwa trei hizo. Akaenda kwa mtu wa kwanza, yule kijana wa nyuma.

"Kwa roho ya Rada," alimwambia.

Chakula kinachotolewa kwa ajili ya roho ya marehemu hakikataliwi kwetu, hata na asiyeamini, hata na mlevi. Kijana akachukua kipande. "Mungu amsamehe," akajibu.

Akaenda kwa wa pili, kwa mwalimu wa takwimu, kwa mwenyekiti, kwa Milkana, kwa mkewe Kalpakov, ambaye alichukua na kujibu huku bado analia. Alikuja kwangu. Nilichukua viwili, kimoja cha Stamen. Chakula chote cha sherehe ya Kalpakov kikawa chakula cha arobaini ya mwanamke asiyemjua.

Mwisho akasimama mbele ya Kalpakov. Koti lilikuwa bado linaning'inia bega moja.

"Kwa roho yake," Genoveva akasema.

Mkono wa Kalpakov ukaja, ukachukua.

"Mungu amsamehe," alisema kwa sauti ndogo.

"Amsamehe nani? Sema na jina."

Jina lilikuwa limetamkwa masikioni mwake mara thelathini katika nusu saa ile, na hakuwa nalo. Alisimama na banitsa mkononi, siagi ikimtiririkia kwenye mkono wa shati. Kisha ikambidi ageuke, atembee mbele yetu sote mpaka mlangoni, ainame, na asome kwenye karatasi.

Daftari langu la kumbukumbu nilikuwa nimeshalifunga. Nikalifungua, nikaandika na hilo.